Majina Kumi na Moja ya Wambaa

Kosa lilikuwa langu, na naanza na hilo ili asije mtu akawasingizia wazee wa watu. Mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma. Chuoni nilihitimu msahafu kabla sijavunja ungo, na herufi za Kiarabu zilikuwa hazinipi taabu. Herufi za Kizungu alinifundisha mume wangu, aliyekuwa karani kwenye ghala la karafuu bandarini Wesha, tulikokaa, na hizo nilizijua kama mtu ajuavyo njia ya shamba la jirani: mchana tu, tena polepole. Lakini nilikuwa kijana, na Wambaa kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kufungua barua. Kiburi kilinijaa hadi kooni.

Chake Chake palikuwa na Banyani mmoja muuza nguo, mtu mpole hadi watu wakimcheka. Hakula nyama, hakula samaki, na mende wa dukani mwake alikuwa akiwatoa nje kwa ufagio kama anayesindikiza wageni. Siku moja nilikwenda kununua leso, akanitolea karatasi iliyokunjwa vizuri. Ndugu yake aliyekuwa Bombay ndiye aliyempelekea. Aliniambia kuna jumuiya ya watu wa nchi nyingi, si wafalme wala mabwana wakubwa, ni walimu na mafundi cherehani na wanawake wa majumbani, waliokubaliana kwamba vita vifutwe duniani kama ulivyofutwa utumwa. Kila anayeingia hutia jina lake.

"Majina yanakusanywa kutoka kila nchi, bibi," alisema. "Yatasomwa mbele ya watu kwenye mkutano wao mkubwa. Pemba hakuna hata moja. Wewe unajua kusoma. Wasomee watu wako."

Maneno ya karatasi ile yalikuwa yamekwisha kutiwa Kiswahili na karani fulani. Niliikunja ndani ya leso mpya na nikaenda nayo Wambaa kumtazama mama.

Niliwakuta wanawake pwani wakipiga kumbi. Asiyejua kazi hii nimweleze: makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope la pwani miezi mingi hadi yalainike, kisha hufukuliwa, hupigwa kwa mti hadi zibaki nyuzi tupu, na nyuzi zikasokotwa kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na analijua, hata maji yakiwa yamelifunika. Walikuwa wanane, mama yangu kati yao, wameinama, na harufu ya kumbi zilizovunda imetanda pwani nzima. Nilikaa juu ya jiwe, nikajikohoza, nikafungua karatasi yangu.

Nilisoma mistari miwili, wa tatu ukanikwama. Yalikuwa maneno marefu ya ofisini. Badala ya kusema nimekwama, niliikunja karatasi nikawapa habari kwa maneno yangu: kuna watu duniani wanachukia vita, wanakusanya majina, na majina hayo yatasomwa mbele ya watu ili vita visirudi tena.

Miti ya kupigia ikanyamaza mmoja mmoja. Kwetu, majina yakikusanywa ili yasomwe mbele ya watu, ni hitima. Kabla ya dua karatasi hupitishwa, kila mtu akaandikisha maiti wake, na msomaji akawataja wote ndipo ikasomwa Fatiha. Aliye hai haandikwi. Kumwandika aliye hai ni kumtakia shari. Nami nimezaliwa pale pale, nilielewa kama walivyoelewa wao, na sikushughulika tena na mistari iliyobaki.

Bibi mmoja mtu mzima alijifuta tope mikononi. "Niandikie mume wangu," akasema. "Na mdogo wake. Wamekwenda siku moja."

Hakuna aliyehitaji kuuliza wamekwenda wapi. Wakati wa vita vya Mjarumani sheha, mkuu wa mtaa, aliamrishwa atoe wanaume wa kubeba mizigo ya askari bara. Waliambiwa waende Wesha kuandikwa tu, na kutoka Wesha wakapakiwa melini. Wengine walirudi baada ya vita, wamekonda, hawataki kusimulia. Kumi na mmoja wa mtaa wetu hawakurudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na waliowabebesha wale watu hawakuwahi kuona uzito wake.

Niliandika. Kila bibi alimtaja wake, jina lake na la baba yake na la babu yake, nami nilijiona mtu wa maana. Yalipofika kumi, nikaanza kuikunja karatasi.

"Na babako mwandike," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba yupi?"

"Una baba wangapi wewe?"

Wanawake wenziwe waliinamisha vichwa. Kalamu ilinitoka mkononi ikaanguka topeni, na nakumbuka niliitazama tu, siwezi kuiokota. Baba yangu alichukuliwa mimi nikiwa tumboni, mimba ya miezi saba. Mmoja katika waliorudi alisema alimwacha amelala kando ya mto, miguu imevimba. Mwingine akaapa kuwa alimwona Dar es Salaam vita vimekwisha, mzima, anauza kahawa. Mama alishika la huyu wa pili. Serikali haikumletea neno, la kufa wala la kupona. Basi hakukaa eda ya kufiwa, hakwenda kwa kadhi, na wanaume waliotaka kumwoa aliwatazama kama wamepotea njia. Mlangoni mwa chooni kulikuwa na mitalawanda ya baba, viatu vyake vya mti, na kila Ijumaa aliviosha akavianika juani. Hitima za wenzake alizipikia yeye, wali na mchuzi, lakini karatasi ya majina ikimfikia aliipitisha mbele. Nilikuwa na karibu miaka ishirini na sijapata kumsikia akimhesabu baba katika wafu.

Niliokota kalamu, nikaipangusa, nikaandika la kumi na moja. Mama akarudi kupiga kumbi zake.

Banyani alipoiona karatasi alisoma majina yote kwa kidole, kisha akanishika mikono miwili mbele ya wateja. Sikumzoea kufanya hivyo. "Kumi na moja," akasema. "Kijiji kimoja." Aliituma kwa posta iliyofuata, akaongeza barua yake mwenyewe kuwasifu watu wa Wambaa.

Ilipita miezi mitatu ndipo nikapata nafasi ya kwenda tena kwetu. Ilikuwa siku ya kufukua, na mashimo yote yalikuwa wazi, makumbi yamepangwa mchangani, isipokuwa shimo la mama. Juu yake maji yalikuwa yameacha mwani, na hapana aliyeligusa. Nikauliza kama mama anaumwa.

"Haumwi," akasema yule bibi mtu mzima, akinitazama kwa mshangao. "Mamako hatoki siku hizi. Wewe hujui?"

Nilikwenda nyumbani karibu kwa mbio. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kaniki, kichwa hakikutiwa mafuta, mikono haina hata bangili moja. Nilitazama mlango wa chooni. Mitalawanda haikuwepo. Mahali ilipokuwa ikikaa sakafu ilikuwa nyeupe kuliko kwengine.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Babako kafa," akasema. "Jina lake limekwenda kusomwa na watu. Akisomwa keshakufa. Nimekaa eda kama walivyokaa wenzangu."

Mashehe wana maneno yao juu ya jambo hili, siku zihesabiwe tangu lini na kwa hukumu ya nani. Mama hakuwauliza. Alihesabu miezi minne na siku kumi tangu siku ile pwani, na kila siku alitia kokwa ya mbuyu ndani ya kifuu. Nilikaa naye hadi alasiri na sikuweza kula. Mtu ambaye hakumlilia mumewe miaka ishirini alikuwa anamlilia sasa, tena kwa utaratibu, kwa sababu ya karatasi niliyoileta mimi.

Bado sikuwa nimejua kitu.

Zilipobaki siku sita eda iishe, Banyani alimwita mume wangu, mume wangu akaniita mimi. Dukani, juu ya meza ya kupimia nguo, zilikuwa zimepangwa bahasha kumi na moja. Stempu zake zilikuwa za Ulaya. Yule mzee wa Kibanyani alikuwa amevaa kofia yake ya sikukuu.

"Wamejibu, bibi," akasema. "Kila mtu barua yake. Nimewatilia Kiswahili chini, kwa penseli, ili usipate tabu. Huyu hapa nani? Huyu nataka aje mwenyewe nimpe mkono."

Lilikuwa jina la baba yangu, limepigwa kwa mashine, halikukosewa hata herufi.

"Huyu ni baba yangu," nikasema. "Amekufa, Bwana."

"Pole sana, bibi. Lini?"

"Wakati wa vita."

Hakuelewa. Aliniangalia, akaangalia bahasha, akachukua nyingine akanionyesha. "Na huyu?"

"Huyo pia."

Alinionyesha zote, moja moja, na kila moja nilimjibu vilevile, hadi akakaa juu ya robota la nguo za marekani. Ndipo akaniuliza niliwasomea nini watu wa Wambaa. Nikamwambia. Alifungua mtoto wa meza, akatoa nakala ya karatasi ile, akanisomea ile mistari niliyoiruka. Ilikuwa ahadi. Mtu aliye hai anaahidi kwamba hatapigana, hatabeba mzigo wa wanaopigana, na akiitwa vitani na mtu yeyote atakataa kwenda. Wao walikuwa wanatafuta wenye kukataa. Mimi niliwapelekea watu kumi na mmoja waliokwisha kwenda wakafa.

Sijapata kuona aibu kama ile hadi leo, na nimezeeka. Ningeweza kusema sielewi. Neno moja tu, mistari ile ilinishinda, na mama asingekaa gizani na kaniki siku zote zile.

"Soma ya baba yako," akasema yule mzee polepole. "Ujue utakwenda kumwambia nini mama."

Barua ilikuwa fupi. Ilimwita ndugu. Ilisema wamefurahi kwamba ameungana nao, na kwamba popote alipo ajue ana wenzake katika nchi asizozijua. Kisha uliingia mstari ulionikata maini: *Tunatumai u mzima. Tuandikie utujulishe hali yako.*

Nilifunga safari ya Wambaa asubuhi ya pili yake na barua kumi na moja ndani ya kikapu. Njia nzima niliiona mitalawanda. Mama alikuwa mtu aliyengoja miaka ishirini kwa sababu ya habari ya muuza kahawa mmoja aliyeonwa na mtu mmoja. Leo nampelekea barua yenye stempu, yenye jina la mumewe na la babu yake, inayosema tunatumai u mzima. Ataivua kaniki. Ataitoa mitalawanda alikoificha, ataiosha, na atarudi kungoja hadi kaburini. Mara mbili nilisimama nikafikiri kuichana. Lakini nilikuwa nimekwisha kuficha neno mara moja.

Nilimwambia yote, tangu mstari wa tatu. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Hino ya babako ina jina lake lote?"

"Lote, mama."

"Nisomee."

Aliiweka barua juu ya mapaja yake, akatia kidole chini ya maandishi ya penseli, akakisogeza nikisoma, kama afanyavyo kwenye msahafu. Herufi zile hakuzijua, lakini zilikuwepo nami nilikuwa nikizitamka. Nilipofika kwenye ule mstari nikauruka. Kidole chake kikasimama.

"Umeruka," akasema. "Hapa pana maneno hukuyasoma."

Nikausoma. Kisha nikatazama mlango wa chooni, sikuwa na pengine pa kutazama.

"Wanamuuliza hali," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wale waliomchukua hawakumuuliza hali. Wala mimi hawakunijia. Watu ambao hawamjui ndio wa mwanzo kumwandikia." Akaikunja barua ile ile mikunjo iliyokuja nayo. "Leta kalamu. Mtu akiulizwa hali hujibiwa."

Nikatoa kalamu. Alisema polepole ili nisikose, na nimeyashika maneno yake kuliko sura nyingi nilizohifadhi chuoni.

"Andika: mimi mkewe. Hali yake, kafa. Nyinyi mwataka watu wanokataa kwenda. Yeye hakukataa, kwa kuwa hakuna alomuuliza. Jina lake msilifute. Na langu mliandike chini yake, mimi ni hai, na mimi nakataa."

Alitia dole gumba kwa masizi ya chungu. Nilipomuuliza kama nimfungulie dirisha, alisema zimebaki siku tano, atazimaliza.

Alizimaliza. Siku ya sita alioga, akavaa leso mpya niliyomnunulia kwa Banyani, na akaenda pwani kufukua kumbi zake. Zilikuwa zimeoza kupita kiasi, nyuzi zinakatika mkononi, akazitupa zote akazika nyingine. Wenzake saba nao walitia madole yao kwenye karatasi, na safari hii niliwasomea kila neno, nikikwama nasema nimekwama. Jumuiya ile iliwaandikia tena mara moja tu, wanawake wanane na wanaume wao kumi na mmoja, na katika orodha yao sijui walituita kitu gani.

Kisha vita vikarudi. Nikisema nilishtuka watu hunicheka, maana nani asiyejua kuwa vita hurudi. Lakini nilikuwa nimesikia majina yanakusanywa dunia nzima, na nilidhani majina mengi namna ile yatazuia kitu. Barua za Ulaya zilikatika. Banyani alizeeka ghafla, akawa anakaa nyuma ya duka na redio ya jirani hataki kuisikia.

Haukupita muda sheha mpya akaja Wambaa, mtoto wa yule wa zamani, pamoja na karani mgeni aliyetoka Unguja. Nilikuwa kwa mama siku hiyo. Walikaa barazani kwa jirani, karani akafungua kitabu. Sheha alisema wanaandikwa wanaume wenye nguvu kwa kazi za vita, ni kwa hiari, na neno hiari alilirudia mara tatu. Wanaume waliokuwepo walitazama chini.

Mama alitoka pwani na mti wake wa kupigia kumbi mkononi, tope hadi kwenye viwiko. Alisimama mbele ya yule karani.

"Andika," akasema, na akataja jina la baba yangu, na la baba yake, na la babu yake.

Karani akaandika. "Umri wake?"

"Thalathini."

"Ana afya?"

"Alipoondoka hapa alikuwa nayo."

Sheha aliinua kichwa. "Bi Mkubwa," akasema kwa upole, "yuno si marehemu?"

"Kakwambia nani?" mama akasema. "Mmemchukua nyinyi, hapa hapa, kwa mkono wa babako. Barua ya kuwa kafa mmenletea lini?"

Nyuma ya mama alikuwa amekwisha kusimama yule bibi mtu mzima, akamtaja mumewe, na mdogo wake mumewe. Wakafuata wengine, wametoka kwenye kumbi na nyuzi zimewaganda mikononi, hawapandishi sauti, kila mmoja akingoja karani amalize ndipo amtaje wake. Karani alikuwa kijana mwenye adabu na mwandiko mzuri, aliyetazama kitabu chake tu. Aliyaandika yote kumi na moja, akapiga mstari chini yake, akamuuliza sheha watu hawa watafika Wesha siku gani.

Mama ndiye aliyemjibu. "Na sie twawangoja," akasema.

Sheha akakichukua kitabu mkononi mwa karani, akakifunga, na wakashika njia ya Chake kabla ya adhuhuri. Siku ile Wambaa halikuandikwa jina jingine.